Maswali yenu kuhusu bundi wadogo na kamera

Nimezunguka porini na tochi usiku kucha, sijaona hata bundi mmoja mdogo. Nakosea wapi?

Anza mchana, tena anza na masikio. Ndege wadogo wakimgundua bundi aliyejificha humzonga kwa makelele, maana baadhi yao ndio kitoweo chake. Ukisikia chozi na wenzake wa aina mbalimbali wanafoka mahali pamoja, huku wakirukaruka na kuelekeza midomo upande mmoja, achana nao, tazama wanakotazama. Mara nyingine ni nyoka, kwa hiyo angalia pia unapokanyaga.

Kisha chunguza chini ya miti. Madoa meupe ya kinyesi kwenye shina ni dalili nzuri, na vidonge vya kijivu ni bora zaidi. Bundi hutapika kile ambacho tumbo limeshindwa kukimeng'enya: manyoya, mifupa, magamba ya wadudu. Kidonge cha bundi mdogo huvunjika upesi, lakini ukikipata kizima, kipasue taratibu kwa kijiti. Utaona miguu ya panzi na vipande vinavyong'aa vya mbawakawa. Inua macho: huenda yuko juu yako.

Mwenzangu ananionyesha mti, anasema yupo. Mimi naona matawi tu.

Pengine unayemtafuta ni *Otus senegalensis*, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi na manyoya yenye michirizi kama gome. Akishtuka hujibana na shina, hujinyoosha akawa mwembamba, husimamisha vishungi vyake viwili na kufumba macho hadi zibaki nyufa. Usitafute ndege, tafuta gutu la tawi lisilo na sababu ya kuwa pale. Pitisha darubini shina moja baada ya jingine, hasa pale tawi linapoungana na shina.

Niliona bundi mchana kweupe, na ana macho kisogoni! Au nimeota?

Hukuota. Huyo ni *Glaucidium perlatum*. Yale ni mabaka mawili meusi yenye ukingo mweupe, na inadhaniwa yanawababaisha wanaotaka kumvamia kutoka nyuma. Huwinda hata mchana, kwa hiyo kwa anayeanza kupiga picha hakuna bundi bora kuliko yeye.

Je, nimwite kwa kucheza sauti ya bundi kwenye simu?

Mimi nasema hapana. Atadhani mpinzani ameingia eneo lake, aache kuwinda, na jike anaweza kuacha mayai. Isitoshe, bundi wakubwa hula wadogo, nawe unamtoa huyu mafichoni. Kwa aina adimu kama bundi wa Sokoke, anayepatikana hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya na miteremko ya chini ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, jambo hili halina utetezi. Giza likiingia, simameni watu wawili mbalimbali, kila mmoja aelekeze mkono sauti inakotoka. Mistari inapokatana, ndipo alipo.

Picha zangu zote zina ukungu. Niweke mipangilio gani?

Lenzi ya milimita 400 au zaidi, na stendi imara. Bundi aliyetua hutulia sana, hivyo shata ya 1/60 ya sekunde inatosha, hata 1/30 ukibonyeza kwa rimoti. Piga mfululizo kichwa kinapotulia. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200 isikutishe, chenga kwenye picha husameheka kuliko ukungu. Fokasi ya kiotomatiki hupenda kunasa jani la mbele, kwa hiyo zungusha kwa mkono mpaka jicho likae sawasawa. Kijiti kikiwa mbele yake, sogea wewe, usikivunje: ndicho kinachomficha.

Flashi? Wajuzi hawakubaliani kuhusu madhara yake. Kwa macho yaliyoumbwa kwa mwanga hafifu namna ile, mimi siitumii.

Nitajuaje kama nimemkaribia mno?

Bundi aliyetulia huwa wa mviringo, manyoya yamelegea, mara ajikune, mara asinzie. Akiwa mwembamba ameshakuona, na hapo umeshavuka mpaka. Rudi nyuma polepole bila kumkazia macho, usubiri alegee tena. Asipolegea, ondoka.

Naweza kutaja mahali nilipompigia?

Taja eneo pana, usitaje mti. Kiota usikitaje kabisa. Na ufute alama ya mahali iliyomo ndani ya faili la picha kabla ya kulituma, maana simu nyingi huiweka zenyewe.