Kabla hawajatuondokea waliokata tiketi Majestic

Kama una mzazi, shangazi au babu aliyekulia Tanga na akawahi kukata tiketi Majestic au Novelty, mfuate wiki hii. Usingoje Idi. Sinema zile zilifungwa zamani, na walioujua ukumbi ukiwa umejaa sasa ni wazee. Nimekuwa nikikusanya kumbukumbu zao, za ndugu kwanza, kisha za majirani, na ninaandika haya kwa yeyote anayetaka kufanya hivyo nyumbani kwao.

Usimuulize mtu "sinema ilikuwaje?" Atakujibu "ilikuwa nzuri, mwanangu," na maneno yataishia hapo. Muulize njia. Alitokea nyumba ipi, barabara ya ngapi? Mitaa yetu ya Ngamiani inaitwa kwa namba, na mzee akishataja Barabara ya Kumi na Mbili au ya Ishirini, mengine yanafuata yenyewe: alipita kwa nani, baiskeli aliiacha wapi na nani aliilinda, alivaa nguo gani na nani aliishona. Mama yangu mkubwa alishikilia kwamba hakumbuki kitu. Nikamwambia, "Mama mkubwa, hizo Jumapili mlikuwa mkienda na nani?" Alizungumza mpaka adhana ya magharibi ikamkatisha. Alinitajia kanga alizonunuliwa na kaka yake kwa ajili ya siku hiyo, karanga zilizofungwa kwenye gazeti, na binamu aliyeanza kulia kabla picha haijaanza, kwa kuwa alikwisha hadithiwa kisa chote nyumbani. Kisha akaimba wimbo wa Kihindi, ubeti mzima, na Kihindi hakijui. Hakuna picha ya ukumbi itakayokupa hayo.

Uliza na pesa ya tiketi ilitoka wapi. Mji huu ulikuzwa na mkonge, kwa hiyo swali hili linakufikisha mbali. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa kibarua wa shamba la mkonge upande wa Muheza, alinieleza jinsi walivyoteremka mjini mshahara ukitoka, wakakaa viti vya mbele kabisa, vya bei ndogo, na wakalala kwa jamaa kwa sababu usafiri wa kurudi ulikuwa umekwisha. Nilikwenda kumuuliza sinema, nikarudi na maisha ya kibarua.

Mwaka kamili wachache watakutajia. Wasaidie kwa mambo ambayo kila mtu anayajua: ni kabla au baada ya Uhuru wa 1961? Azimio la Arusha, 1967? Nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, 1971? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979? Kwa wanawake nimeona swali la "ulikuwa umeshaolewa?" linafika haraka kuliko yote. Ukitaka kujua lini watu walianza kuacha kwenda, uliza mkanda wa video wa kwanza waliuonea nyumbani kwa nani, halafu televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo tangu 1973, lakini huku Bara vituo vilianza 1994, na wengi wanakumbuka sebule ya jirani ambako mtaa mzima ulikusanyika.

Ndugu wawili wa tumbo moja wakibishana dirisha la tiketi lilikuwa upande gani, usiwaamue. Andika maneno ya kila mmoja pamoja na jina lake. Bora zaidi, wape karatasi wachore ukumbi: mlango, ngazi, wanawake walikaa wapi, muuza kachori alisimama wapi wakati wa mapumziko. Wachore kabla hujawaonyesha picha yoyote, maana akishaiona picha atakusimulia picha.

Simu inatosha kurekodi. Itandikie kanga iliyokunjwa mara kadhaa ili isichukue mtikisiko wa meza, na zima feni. Kwa joto la Tanga hilo ni gumu, basi nenda asubuhi mapema. Anza kwa kutaja jina la mzee, tarehe na mahali, kisha muombe ruhusa huku simu inarekodi, na umuulize lipi asingependa wengine walisikie. Akilikataza, liheshimu. Usiku huohuo nakili sauti kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni, na nakala moja ikae kwa ndugu aliye mji mwingine. Picha ukizituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ubora unapungua. Zitume kama dokumenti.

Kuhusu picha za karatasi nina msimamo mkali, kwa sababu unyevu wa pwani hauzihurumii. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige picha hapohapo ikiwa ndani ya kioo. Zilizo kwenye zile albamu zenye kurasa za gundi zitoe polepole. Usizipige laminesheni, yaani usizigandishe ndani ya plastiki. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, kisha picha zikae kwenye bahasha za karatasi, kabatini, mbali na sakafu na mbali na joto la bati. Ukiziskani, nukta 600 kwa inchi zinatosha. Na usitafute picha ya jengo la sinema peke yake. Tafuta picha ya studio iliyopigwa siku hiyohiyo. Wengi walipita studio wakiwa wamependeza, kisha ndiyo wakaenda ukumbini, ila nyuma ya picha hakuna aliyeandika sababu ya kupendeza.

Kinachothibitisha tarehe ni magazeti. Tanganyika Standard lilichapa matangazo ya sinema, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki inayotunza magazeti ya zamani. Hapa nyumbani, Makumbusho ya Urithi Tanga, ndani ya Boma la Wajerumani, yana picha za kale za mji. Ukimaliza kazi yako, wapelekee nakala na maelezo yake. Sanduku la familia moja likiungua au likiliwa na mchwa, mji usipoteze.

Mzee naye mrudishie chake. Chapa maneno yake kwa herufi kubwa, mpelekee, msomee. Atasahihisha, ataongeza, na mara nyingi nyongeza ndiyo inashinda mazungumzo ya kwanza. Kabla hujaondoka muulize alikuwa akikaa kiti cha jirani na nani, na kama huyo yuko hai. Kwa swali hilo nimeelekezwa Makorora, kwa mzee aliyekuwa akibeba makopo ya filamu kwa baiskeli. Anasema hajawahi kuulizwa na mtu, na amekubali niende Jumamosi.