Mizinga miwili kwanza, kumi baadaye

*Shikamoo Mama. Nina kiwanja nyuma ya nyumba chenye miti michache, na nimepata hamu kubwa ya kufuga nyuki. Shemeji yangu anasema nikianza nianze na mizinga kumi kwa mpigo, maana mmoja hauna faida. Mke wangu anasema nijaribu mmoja tu kwanza, kwa kuwa tuna watoto, wa mwisho ana miezi saba. Mimi mwenyewe sijawahi hata kuusogelea mzinga. Nimsikilize nani?*
*Baba wa watatu*

Marahaba mwanangu. Shemeji yako ana nia njema, na mkeo ana busara, lakini mimi nakuambia miwili. Kumi ni mingi mno kwa mtu ambaye hajawahi kufunua kifuniko, na mmoja ni mchache mno kuliko unavyodhani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi nilianza na mmoja.

Kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda, hatua kama kumi kutoka mlangoni mwa mzinga, nikiwatazama wakiingia na kutoka. Kwa kuwa niliwaona wakiruka, niliamini ni wazima. Sikufungua kwa karibu miezi miwili. Siku nilipofungua nilikuta mayai mengi sana, mawili hadi matatu katika chumba kimoja cha sega, mengine yamebandikwa ukutani badala ya kuwa katikati chini. Watoto waliokwisha kufunikwa na nta walikuwa wamevimba, vifuniko vyao vimechomoza kama vichwa vya risasi. Nilifurahi, nikadhani kundi linastawi. Nikamwita mfugaji mmoja mzee aje aone. Aliinua fremu, yaani kiunzi cha mbao kinachoshika sega, akaitazama kwa muda, akairudisha taratibu bila kusema neno. Malkia alikuwa amekufa siku nyingi, na nyuki vibarua, yaani majike wanaofanya kazi za mzinga, walikuwa wameanza kutaga wenyewe. Kibarua hapandwi na dume, kwa hiyo yai lake hutoa dume tu, na dume haendi kutafuta chakula wala hajengi sega. Kundi lile lilipungua wiki baada ya wiki, mpaka nikabaki na sanduku lenye nondo wa nta na utandotando wao.

Sasa fikiria ningekuwa na mzinga wa pili pembeni. Kwanza, ningeona tofauti. Mmoja unaingiza chavua kwa wingi, mwingine hauingizi. Mmoja unatulia ukiufungua, mwingine unavuma kwa sauti ya kilio. Asiyejua kitu hana kipimo kingine zaidi ya kulinganisha. Pili, na hili ndilo kubwa, ningeweza kuuponya mapema. Ukigundua upesi kwamba malkia hayupo, unachukua fremu moja yenye mayai na watoto wachanga kutoka mzinga mzima, unawakung'uta nyuki walioishikilia, unaipeleka kwa wale yatima. Wao wenyewe watachagua watoto wachache, wawalishe maziwa ya nyuki na kuwajengea vyumba virefu vinavyoning'inia kama karanga, kisha malkia mpya atoke.

Kwa sababu hiyo mizinga yako yote miwili iwe ya aina moja na vipimo vimoja, ili fremu ya huku iingie kule. Mchungaji Lorenzo Langstroth wa Marekani, aliyepata hataza ya mzinga wake mwaka 1852, aliujenga juu ya jambo moja tu: nyuki huacha wazi njia ya upana wa milimita 6 hadi 9 hivi. Ikizidi hapo watajaza sega, ikipungua wataiziba kwa gundi yao. Seremala akikosea nafasi hiyo, fremu zitashikana na utazing'oa huku asali ikimwagika na nyuki wakiwaka hasira. Beba rula unapokwenda kuchukua mizinga.

Kuhusu kumi za shemeji: anayeanza hutumia karibu nusu saa kukagua mzinga mmoja vizuri. Zidisha. Baada ya wiki tatu utachoka, utaacha kufungua, na utakuwa kama mimi pale kwenye kigoda, ila hasara mara kumi.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, mtafute mfugaji akuruhusu usimame naye mara tatu au nne akikagua. Mwombe akuonyeshe yai. Geuza mgongo ulielekee jua, inua fremu ili mwanga upite juu ya bega lako na kuingia mpaka chini ya chumba. Utaona kijiti cheupe, hakifiki hata milimita 2. Yai la siku ya kwanza limesimama wima, la siku ya tatu limelala. Ukishaliona moja utaanza kuyaona yote, na kuanzia siku hiyo huna haja ya kuhangaika kumtafuta malkia kila ukifungua: yai lililosimama linakuambia kwamba jana au leo alikuwa hapo. Nami nimeandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha kila mzinga wangu: yai siku 3, malkia siku 16, kibarua 21, dume 24. Hizo tatu za kwanza ni siku za yai kabla ya kuanguliwa, na nyingine ni siku tangu yai kutagwa hadi nyuki kamili kutoka. Andika na wewe.

Mahali pa kuiweka: mlango usielekee njia wanayopita watoto wala dirisha la jirani. Ukielekeza kwenye ua mrefu au vichaka, nyuki watalazimika kupanda juu kabla ya kwenda zao. Inua mizinga juu ya viguzo, paka grisi kwenye miguu kuzuia siafu na sisimizi. Maji uyaweke kabla nyuki hawajafika, kwenye beseni lenye mawe ya kutulia, maana wakishazoea bomba la jirani kuwarudisha ni kazi kweli kweli.

Nyuki wenyewe utawapata kwa njia mbili. Unaweza kununua kundi dogo lenye malkia anayetaga, au upake nta ndani ya mzinga mtupu na kusubiri bumba linalohama likuchague. Kwa anayejifunza napendelea ya kwanza, kwa sababu unajua unaanza na nini. Asali ya msimu wa kwanza usiipigie hesabu kabisa. Kundi jipya lina masega ya kujenga na akiba ya kuweka, na likivuka msimu likiwa hai umefaulu.

*Mama, mwaka jana nyuki aliniuma karibu na jicho, uso mzima ukavimba siku mbili. Bado natamani kufuga. Je, mimi sifai?*
*Msomaji mwoga*

Mwanangu, kuvimba pale ulipoumwa, hata kwa ukubwa wa kutisha, ni jambo la kawaida, na ngozi ya karibu na jicho huvimba kuliko sehemu nyingine. Ninachotaka ujichunguze ni haya: je, ulitokwa na vipele mwili mzima, mbali na pale palipoumwa? Koo lilibana? Ulipumua kwa shida au kuona kizunguzungu? Kama ndiyo, hata kwa kimoja tu, usisogelee mzinga kabla hujaonana na daktari. Na yakimtokea mtu leo, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, asingojee kuona kama yatapita.

Kama ilikuwa kuvimba tu, vaa kofia yenye wavu kila mara, hata ukisema unachungulia dakika moja. Mwiba ukikuingia utoe haraka kwa njia yoyote, kwa ukucha au ubao, kwa sababu kifuko chake huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka. Kisha puliza moshi mahali hapo. Mwiba huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wengine waje kuuma palepale. Moshi huifunika harufu hiyo, na pia huwafanya nyuki wakimbilie kunywa asali. Bomba la moshi liwashe mpaka litoe moshi mweupe, wa baridi. Upime kwa kuupuliza kwenye kiganja chako mwenyewe. Ukikuunguza, utawaunguza na wao.

*Nitajuaje asali imeiva? Nilirina mara ya kwanza, baada ya mwezi ikaanza kutoa povu.*
*Mrina mpya*

Uliirina mbichi. Asali yenye maji mengi huchacha. Nyuki huipepea mpaka maji yapungue chini ya asilimia 20, ndipo huifunika kwa nta nyeupe. Chukua fremu ambazo sehemu kubwa imefunikwa pande zote mbili. Kwa ile iliyobaki wazi, ilaze fremu sambamba na ardhi uitikise mara moja kwa nguvu. Matone yakidondoka, irudishe usubiri. Na usikombe yote. Masega yanayopakana na watoto waachie wenyewe.

Nimalizie kwa Baba wa watatu, maana umetaja mtoto wa miezi saba: mzinga ukijaliwa kutoa asali, yeye asilambishwe hata kidogo mpaka atimize mwaka mmoja. Asali safi kabisa yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu, lakini la mtoto mchanga huviacha vikamea na kutoa sumu inayolegeza misuli yake. Waambie na bibi na shangazi zake mapema, kwa kuwa wao ndio hupenda kumpaka kidole.