Jibu: Herufi za Kichina zinavuruga safu ya bei kwenye terminali

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye orodha ya vipuri ambayo programu yako ya Python inaandika kwenye terminali (dirisha la amri za maandishi) majina ya Kifaransa yanapangika vizuri, ila kila penye jina la Kichina bei inasukumwa kulia. Usibadilishe fonti. Ningeilaumu kama ungeona visanduku vitupu.

Shida ni hesabu. Chukua 电池, yaani betri. Ukipima kwa len, kipimo cha urefu cha Python, inaona herufi 2. Kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, ni baiti 6. Lakini terminali inalitengea neno hilo nafasi 4, maana kila herufi ya aina hiyo hukalia nafasi mbili. Sasa ljust(20), inayojaza neno hadi lifike herufi 20, inaongeza nafasi tupu 18, na kwenye skrini unapata 22. Hizo mbili za ziada ndizo zinazosukuma bei yako.

Mimi nilipoteza Jumapili nzima kwa jambo hilohilo, kwenye butiki ya shemeji yangu hapa Lubumbashi, komine ya Kenya (si nchi!).

Pakua maktaba ya wcwidth, upime kwa wcswidth badala ya len, kisha ujaze nafasi mwenyewe. Kama mega za intaneti zimeisha, unicodedata.east_asian_width imo tayari ndani ya Python: ikirudisha W au F (herufi pana) hesabu 2, nyingine 1. Ila é iliyoandikwa kwa vipande viwili itakudanganya, kwa sababu alama ya juu haina upana. Wcwidth inalijua hilo.

Na kama unaingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh, andika kwanza locale, amri inayoonyesha mipangilio ya lugha. Usipoona UTF-8 pale, anzia hapo. Ukitumia tmux (programu ya kugawa terminali), ifungue kwa tmux -u, ili itumie UTF-8.