Ukikuta picha ya zamani ya kulungu, itolewe kwanza kwenye fremu

Jamani nililiwa euro 60 kwa haraka zangu mwenyewe, acha niwape hii. Niko Ufaransa, na Jumapili napenda kuzurura kwenye masoko ya vitu vya mtumba, siku moja nikaona picha ya kulungu wawili msituni, chini pameandikwa Karl Bodmer, muuzaji akaapa ni echingi (picha inayochapwa kwa bamba la shaba) orijino ya karne ya 19, nikalipa hata sijaigeuza.

Bodmer hakuwa msanii wa mchezo. Mswisi, kazaliwa 1809, mwaka 1832 akaenda Marekani na mwanamfalme Maximilian wa Wied kuwachora wenyeji wa huko kandokando ya mto Missouri, baadaye akahamia Barbizon, kijiji kilicho jirani kabisa na msitu wa Fontainebleau, akawa ni yeye na wanyama tu. Kuna mwaloni humo msituni ulipewa jina lake, mchoraji Mfaransa Monet akauchora 1865. (Na kulungu hapa sisemi yule wetu wa vichakani, huyu wa Ulaya dume lake lina pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, ndo ayala wa kwenye Biblia.)

Sasa nimefika home, nikachukua lenzi nikaangalia shingo ya yule dume, vinukta vitupu! Kama picha ya gazeti. Hapo nikajua nimepigwa, maana echingi inakwaruzwa kwa sindano kwenye bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali inakula ile mikwaruzo, wino unakaa humo ndani, halafu karatasi yenye unyevu inakandamizwa kwa rola. Kwa hiyo utaona mistari, hata manyoya ya sikio ni mistari, na mara nyingi wino umeinuka kidogo juu ya karatasi. Bamba nalo linaacha alama ya kubonyea kuzunguka picha, ila usiiamini peke yake, kuna wanaoigiza, na kuna orijino zilizokatwa pembeni ikapotea.

Muuzaji akigoma kufungua fremu ondoka zako. Mara ya pili nilimganda mmoja mpaka akafungua huku ananuna, mistari safi kabisa, ila kadibodi ya nyuma ilishaitia karatasi madoa ya kahawia, nikayaombea punguzo hapohapo, akanitolea euro 10.