Namba 11 kwenye orodha ya akiba ya udaktari: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu wa Likoni, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepata B+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo na kozi, wamekupangia ualimu ambao huutaki, chuo kikuu kimoja cha bara kimekuandikia kuwa uko namba 11 kwenye orodha ya akiba ya udaktari kwa wanaojilipia, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, nao wamekuita ukasome stashahada ya utabibu, ile ya maafisa wa kliniki. Mjomba wako anakwambia utulie nyumbani, namba itafika. Mimi mwaka 2018 nilikuwa namba 19, nikikaa Kisauni, na nikaingia. Ila kwa kutulia nisingeingia.

Hiyo 11 kwanza. Wewe ni mtu wa Likoni, utanielewa upesi: orodha ya akiba haiendi kama foleni ya benki, mmoja akitoka mwingine anasogea. Yaenda kama feri. Mnasimama, mnasimama, jua linawapiga, halafu geti likifunguliwa wanaingia wengi kwa mpigo, na aliyekuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu anabaki.

Sababu ni hii. Chuo hakiwezi kukuongezea kiti kwa kukuonea huruma. Baraza la madaktari, KMPDC, ndilo linalokagua shule za udaktari na kuziwekea idadi ya wanafunzi zinaowaweza kwa walimu, maabara na vitanda vya wagonjwa zilivyo navyo. Kwa hiyo kiti chako ni kiti ambacho mtu fulani amekiacha. Na mtu hukiacha lini? Wachache huandika mapema kwamba wamepata kwingine, Uganda, India au Misri. Wengi hawaandiki kitu. Wanajaribu kutafuta karo mpaka siku ya mwisho, na siku ya kuripoti hawaonekani. Ndiyo maana miezi mitatu mizima ilikuwa kimya kama maji mtungini, halafu ndani ya siku tisa za mwanzo wa muhula nikapigiwa simu mara mbili.

Binamu yangu aliyeomba Marekani, ambako udaktari husomewa baada ya shahada ya kwanza, aliniambia kule aliyeitwa na vyuo kadhaa hutakiwa kubaki na kimoja tu ifikapo tarehe 30 Aprili, basi orodha zao huchangamka kuanzia hapo. Kwetu usingoje tarehe kama hiyo. Kwetu kalenda ni karo.

Sasa simu hizo mbili. Ya kwanza ilinipita. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika namba ya babangu, kwa sababu yangu nilikuwa nikiibadilisha kila nikipoteza laini. Baba kazi yake bandarini, simu huiacha kwenye mkoba tangu asubuhi mpaka jioni. Jumatatu akakuta namba ya Nairobi imempigia mara tatu. Akadhani ni wale watu wa mikopo ya simu, akaipuuza. Jumatano usiku mama anakanda unga wa mahamri, baba anakula, ndipo akasema kwa mzaha, "Hawa wa mikopo siku hizi wanapiga kwa simu ya mezani." Mama akasita na mikono yake myeupe kwa unga, akaniangalia. Sikulala.

Asubuhi saa mbili nilikuwa nimeshapiga. Mama wa ofisi ya usajili alinijibu kwa upole kabisa: nilipewa siku moja, sikujibu, kiti kimekwenda kwa anayefuata. Sikuwa na wa kumlaumu. Nilichofanya, na hiki ndicho nakuomba ukifanye kesho, nikamuuliza kama bado niko kwenye orodha, nikaomba anisajilie namba mbili, yangu na ya dada yangu anayekaa dukani kutwa nzima. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningeuliza tangu Juni: siku ya mwisho kabisa ya kumpokea mwanafunzi wa kuchelewa ni ipi? Nafasi yako kwenye foleni wanaweza wasikwambie, lakini tarehe hiyo watakwambia. Na ikishapita, yakhe, weka moyo chini, maana anatomia haimngojei mtu.

Simu ya pili ilinikuta Kongowea Jumanne adhuhuri, nimeshika nazi mbili nazitikisa masikioni. "Unakitaka kiti? Stakabadhi ya benki tuione kesho kabla ya saa kumi." Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Zile nazi nililipa sikuzichukua.

Pesa zilipatikana kwa sababu ya akili ya mamangu, si yangu. Yeye na wenzake tisa walikuwa wakicheza mchezo, elfu tano kila mwezi. Zamu yake ilikuwa Desemba. Tangu Julai alikuwa ameshamwendea jirani aliyekuwa na zamu ya Septemba, wakabadilishana. Hakuniambia mpaka siku ile. Hamsini elfu hiyo, mkopo wa baba kwenye chama chao cha akiba, na mjomba wangu akauza pikipiki iliyokuwa haitembei. Karo ya muhula ilipita laki mbili, hatukufika. Tulilipa zaidi ya nusu benki pale Digo Road, nikaomba kwa barua kumalizia ndani ya mwezi, wakakubali. Wewe waulize mapema kama wanakubali nusu, na uwaombe jibu la maandishi. Usije ukaulizia siku umebakiwa na saa ishirini.

Na karatasi zako ziko wapi? Hati yako ya matokeo ya KCSE umeishika mkononi, au shule bado wameikalia kwa deni la karo? Kama bado, hiyo ni kazi ya wiki hii. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, fomu ya hospitali iliyopigwa muhuri, vyote vipige picha safi uviweke kwenye simu. Mimi nilipanda basi la usiku Mwembe Tayari na bahasha tumboni chini ya buibui.

Barua kwa ofisi ya usajili, andika moja, nusu ukurasa: bado nakitaka kiti, karo yangu imefikia hapa, naweza kuripoti ndani ya siku mbili. Ukiandika kila wiki watakuchoka. Na dalali akikujia kwamba ana mtu ndani wa kukusogeza kutoka 11 hadi 3, mwambie akasogeze feri. Mama alishatoa elfu nne kwa mmoja wao kabla sijajua. Simu yake ilizimwa jioni hiyohiyo.

KUCCPS usiichanganye na hii. Kule hakuna orodha ya akiba. Kuna kuomba upya nafasi zikibaki wazi, na baadaye dirisha la kuhama chuo. Kuhama kwenda udaktari kunataka alama zako za klasta, yaani za masomo yanayotakiwa na kozi, zifikie kikomo cha waliochukuliwa kozi ile, na kiti kiwe kipo. Angalia tu, mradi usijenge nyumba juu yake.

Tuje kwa KMTC. Hapa mimi na mjomba wako tunaachana njia. Nenda kasajiliwe. Lipa kile kidogo wanachokutaka kuripoti, uliza kabla kama kinarudishwa, na kama hakirudi kihesabu ni nauli. Utabibu ni miaka mitatu halafu mafunzo ya kazini, udaktari ni miaka sita halafu mafunzo ya kazini. Usikubali mtu akwambie utabibu ni makombo ya udaktari. Ukienda zahanati nyingi za Kwale na Kilifi, ukikuta mtu wa kukutibu, aghalabu ni tabibu au muuguzi, daktari yuko mbali. Na vipo vyuo vinavyompokea tabibu akasome udaktari baadaye, japo mara nyingi huanzia mwaka wa kwanza. Darasani kwetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amefanya kazi Kinango miaka minne. Sisi tulipoingia wodini mara ya kwanza, tunatetemeka na makoti yetu mapya, yeye alikuwa anatafuta mshipa wa mtoto mchanga huku akimwimbia mama yake wimbo wa Kiduruma.

Ukiitwa na wale wa bara ukiwa tayari KMTC, utaamua siku hiyo, na utaamua kama mtu mwenye viti viwili. Ualimu waachie wanaoupenda.

Kesho basi: simu kwa ofisi ya usajili, namba mbili kwenye fomu, tarehe ya mwisho. Ukiijua niandikie hapa. Nilipofika chuoni wenzangu walikuwa wameshapewa mifupa ya mkono na mtihani mdogo wa kwanza ulikuwa keshokutwa yake. Kitabu nilichojikomboa nacho siku hizo mbili bado ninacho. Kina madoa ya chai, lakini kurasa za mkono zimo zote. Ni chako ukiitwa.