Unaanza biashara Lamu? Jua siku zako kavu

Nyinyi mnaofungua biashara huku na mnaniuliza usingizi naupata wapi, ntawaambia kitu kimoja, mengine mtayajua wenyewe. Mi nina hoteli ndogo ya chakula hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Miaka ya mwanzo nilikuwa nataka kujua kesho itakuwaje, watalii watakuja, barabara itakatika, kutatangazwa nini, nashinda na redio na kuuliza manahodha pale jeti. Hakuna anayejua jamani, hata wao.

Machi 2020 ndo nikafunzwa. Upepo wa kaskazi, ule wa msimu wa watalii, waisha, nimejaza friza kilo 40 za nguru na kolekole manake upepo wa kusi ukichafua bahari wavuvi hawatoki sana na samaki hupanda bei. Mara corona, ndege za nje zikasimamishwa, kafyu kuanzia saa moja jioni, mji kimya. Nikakaa na daftari. Kodi 12,000 kwa mwezi, yaani 400 kwa siku hata mlango ukiwa na kufuli. Stima 150. Kijana wangu wa jikoni 500. Chakula cha watoto nyumbani 450. Jumla 1,500 kila jua likichwa. Nikaangalia simu, nina 13,500. Siku tisa! Biashara ya miaka minne, na bila mteja inaishi siku tisa tu. Wale samaki niliwauza mtaani kwa bei ya kutupa, nililia wallahi.

Tangu hapo hesabu yangu ni hiyo, siku ambazo biashara itaishi bila mteja, naziita siku kavu. Jua zako kabla hujapaka rangi ukuta wala kuandikisha kibao.

Msimu ukiwa mzuri, kuanzia Disemba mpaka Machi, kila jioni natoa 1,500 naweka kando kabla sijaihesabu faida, hapo nimenunua siku moja. Ikikosekana silazimishi. Januari namlipa mwenye nyumba kabisa Aprili, Mei na Juni, mwanzo alinishangaa, sasa yeye ndo hunikumbusha. Friza sijazi tena, nanunua ya siku mbili basi. Na mikopo ya simu, tafadhalini sana, kopa ununue mchele utakaouza wiki hii, usikope ulipe kodi ya mahali ambapo hapauzi, manake mwezi ujao utadaiwa kodi nyingine na mkopo juu.

Jengine, wapikie watu wa hapa. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipokata barabara ya Garsen, malori ya mboga hayafiki Mokowe, kule bara tunakovushia mizigo, nyanya zikaadimika, mi nikapika maharagwe ya nazi na wali, asubuhi mahamri na mbaazi, walioninusuru ni vijana wa maboti na wachukuzi wa punda. Mtalii akija karibu sana, lakini kodi yangu inalipwa na mbaazi.

Uoga haujaondoka, sitawadanganya. Kuna usiku naamka saa tisa nasikia upepo umegeuka, moyo unaenda mbio, alafu nawasha tochi ya simu nafungua ukurasa wa nyuma wa daftari ambako naandika siku zilizobaki. Jana ilikuwa 47. Nikazima tochi nikalala mpaka adhana ya alfajiri.