Nichanje, au ninunue kadi tu?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tegeta ameniandikia. Ujumbe wake nauweka hapa kama ulivyo, nimetoa jina tu:

“Dada shikamoo. Mwezi ujao naenda Accra kwenye maonyesho ya biashara, nimeambiwa wanataka kadi ya njano. Kuna kaka mmoja ana mtu wake, anasema kadi inatoka siku hiyohiyo bila hata kuchomwa sindano. Mimi sindano naziogopa, halafu hiyo homa ya manjano sijasikia mtu kaumwa hapa mjini. Nichanje, au ninunue kadi tu?”

Marahaba mdogo wangu. Swali umelileta kwa mwenyewe, maana kadi ya njano ndiyo cheti cha kuonyesha umechanjwa homa ya manjano, na hizo za siku hiyohiyo nazijua vizuri kuliko ninavyopenda.

Mnaonifuatilia mnajua nauza vitenge Kariakoo. Zamani kidogo nilikuwa kwenye kikundi cha wanawake wafanyabiashara, tukapanga safari ya Accra kwenda kuliona soko la Makola kwa macho yetu, tuachane na kununua mzigo uliopita mikononi mwa watu watatu kila mmoja akiweka chake cha juu. Tukachanga, tukakata tiketi, tukashonesha na sare. Siku moja mwenyekiti wetu (simtaji, akisoma atajijua) akaandika kwenye grupu: “Wapendwa, suala la kadi za njano nimelimaliza. Kila mtu atume jina na hela, kijana analeta zote Ijumaa. Hakuna kupanga foleni.” Makofi yakamiminika. Mimi nikaandika kwamba nashukuru, lakini nitakwenda kuchanja mwenyewe. Akanijibu mbele ya watu wote: “Haya daktari, nenda. Sisi wengine tuna biashara za kufanya.”

Jina la Daktari likanishika. Nikiuliza bei ya hoteli, “Daktari anauliza.” Nikichelewa kutuma mchango, “Daktari yuko zamu.” Leo nalisimulia nikicheka, lakini wakati ule liliniuma, na nikisema limeisha kabisa nitakuwa nawadanganya.

Kwa nini nilikaza? Kwa sababu mimi ni msomaji, na yale ya Angola nilikuwa nimeyasoma. Ugonjwa ulilipuka Luanda mwishoni mwa 2015, na 2016 ukaingia Kongo. Wachina waliokuwa wakifanya kazi Angola wakarudi nao kwao, na Kenya wakapatikana wagonjwa wawili waliotoka hukohuko Angola. Chanjo zikawa haba duniani, mpaka Kinshasa watu wakachomwa moja ya tano ya dozi ili iwatoshe wengi. Sasa tazama: hao wote waliosafiri na ugonjwa walikuwa watu kama mimi na wewe, wenye mikataba na mizigo yao. Kama wangekuwa na chanjo mwilini, habari isingefika mbali hivyo.

Unasema hujasikia mtu kaumwa Dar. Kweli, Tanzania inahesabiwa kati ya nchi zenye hatari ndogo, ndiyo maana wengi wetu hatujachanjwa wala hatuulizani. Lakini mbu anayeibeba tunaye. Ni yuleyule wa homa ya dengue, mwenye miguu ya madoadoa meupe, anayeuma mchana kweupe ukiwa umekaa zako dukani. Waliokuwepo mjini 2014 na 2019 hawahitaji kusimuliwa dengue ilivyotutembeza hospitalini. Mbu yupo, kinachokosekana ni mtu wa kumletea virusi. Na huko unakokwenda, virusi vipo. Wagonjwa wakifikia hatua ile kali, ya macho ya manjano na kutokwa damu, karibu nusu yao hufa ndani ya siku saba hadi kumi, na dawa ya kuua virusi vyenyewe haipo. Wewe unaogopa sindano!

Basi nikaenda kituo cha serikali hapa mjini asubuhi mapema, nikakuta watu watatu kwenye benchi. Tukakaa. Saa nzima hakuna aliyeitwa, mimi nikaanza kuvimba. Nesi akatoka akatuambia kwa upole: “Jamani tusubiri wafike wengine, chupa moja ni ya watu kumi.” Akatuonyesha. Kichupa chenyewe kidogo kuliko cha rangi ya kucha, ndani kuna unga mkavu umeshikana chini kama donge. Unachanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganywa una saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana vituo vingine hupanga siku maalumu za chanjo hii. Wakala wa tiketi hatakwambia hilo, wala mwenyekiti wa kikundi. Kwa hiyo piga simu au pita uulize kabla, usije ukafika siku moja kabla ya ndege ukaambiwa urudi Alhamisi.

Kabla ya kuchoma, nesi aliuliza maswali, na hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Una mimba? Unanyonyesha? Mayai yanakudhuru? Unatumia dawa zinazoshusha kinga, au una ugonjwa unaoshusha kinga, ikiwemo VVU huku CD4, zile chembe za kinga kwenye damu, zimeshuka sana? Umevuka miaka 60? Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo si kila mwili unaipokea sawa. Mzee mmoja pale kwenye benchi aliambiwa aonane na daktari kwanza, akanung’unika, lakini akaenda. Mama aliyekuwa ananyonyesha kichanga naye akawekwa pembeni wazungumze. Asiyefaa kuchanjwa daktari humwandikia cheti cha msamaha, na hicho nacho ukiulize ubalozini mapema kama kitapokelewa. Hebu niambieni, kijana anayeleta kadi kwenye bahasha ya kaki, haya maswali anamuuliza nani?

Sindano ilikuwa ya sekunde mbili. Kesho yake mkono ulikuwa mzito na kichwa kikagonga, nikameza Panadol, nikalala mchana, jioni niko dukani. Ndiyo hayo tu.

Siku ya safari sasa. Uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu, usiku, tumevaa sare zetu, mwenyekiti yuko mbele na bahasha yake. Dada wa kaunta akazipokea zile kadi zote kwa pamoja, akazipanga kama karata. Akatazama. Akatazama tena. Mwandiko mmoja, kalamu moja, namba ya toleo la chanjo ileile kwenye zote. Lakini wala hakuhangaika na hayo. Aliweka kidole kwenye tarehe akasema: “Mama, hizi mmechanjwa Ijumaa. Zinaanza kuhesabika baada ya siku kumi. Nyie mnafika Accra kesho.”

Kishoka alikuwa ameandika tarehe ya siku aliyozitengeneza! Mtu anayefanya kazi ya kughushi kila siku hakuijua kanuni ambayo imeandikwa kwenye kadi yenyewe.

Akaitwa ofisa wa afya wa uwanjani, akaja na maswali yake. Mimi na mwenzangu mmoja wa Ubungo, ambaye alikuwa na kadi yake halali ya safari ya Kampala ya zamani, tukapita. Wenzetu wakabaki na mabegi yao. Wakabadilishiwa tiketi kwa fedha nyingi, wengine hawakusafiri kabisa. Na badala ya kumgeukia aliyewauzia, ikatoka habari Kariakoo kwamba ni mimi niliyepiga simu uwanjani kuwachongea. Mimi! Niliyewaambia kwenye grupu, kwa maandishi, kila mtu akasoma. Mpaka leo wapo wanaopita mbele ya duka langu wakitazama upande wa pili wa barabara. Sawa. Vitenge vya Makola nilileta, vikaisha.

Accra kwenyewe, kadi ilitangulia pasipoti. Ghana wanaitaka kwa kila anayeingia, mtoto wa miezi tisa na kuendelea. Kongo hali kadhalika, na Uganda wanaanzia mwaka mmoja, kwa hiyo nyie wa Kampala msijione mko nyumbani. Na kurudi pia: Tanzania inamdai kadi abiria anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, hata aliyekaa uwanja wa ndege wa nchi hizo zaidi ya saa 12 akisubiri kuunganisha. Watu wanaijua safari ya kwenda tu, wakati wa kurudi wanashangaa kuulizwa na ndugu zao wenyewe.

Jambo jingine mnaloulizana sana: kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa ya maisha, na kadi za kabla ya hapo nazo zimeingia humo. Akitokea mtu kukwambia yako imekwisha muda umlipe akupe mpya, mwambie asante, funga pochi.

Sasa niseme na nyie wa Umra na Hijja, maana huko nako nimeyaona. Saudia wanataka chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne kwa pamoja, A, C, W na Y, na iwe imechomwa siku kumi au zaidi kabla ya kufika. Mama yangu alipopata safari ya Umra aligoma. “Mimi nakwenda nyumba ya Mungu, niumwe huko kwa nini?” Nilibishana naye siku mbili, nikashindwa. Aliyemaliza kazi ni imamu wa msikiti wetu, alimwambia kwa ufupi kuwa mwaka 2000 mahujaji walirudi na ugonjwa huo makwao, wakawaambukiza wa nyumbani, na kumdhuru jirani si katika ibada. Mama akaamka kesho yake akavaa baibui, akaniuliza mbona nachelewa. Mimi mwanawe nilikuwa nimesema maneno hayohayo, lakini ndiyo hivyo, mtoto hasikilizwi.

Tunapenda njia za mkato, ndugu zangu, na tunaziita ujanja. Tutalipa mara mbili kwa mtu wa uchochoroni ili tusikae benchi saa moja, halafu tunamlalamikia ofisa aliyefanya kazi yake. Mtu anakagua tairi za gari la kwenda Mbeya, anauliza breki, anauliza dereva amelala au la, lakini mwili wake mwenyewe anaukabidhi kwa kijana asiyejua siku kumi ni nini. Na anayerudi na ugonjwa hauleti kwake peke yake, anauleta kwenye chumba anacholala na watoto.

Kwa hiyo jibu langu mdogo wangu: chanja, na uanze wiki hii. Mwezi ujao unaonekana mbali, lakini toa siku kumi, toa siku ya chupa kufunguliwa, toa na Jumapili. Ukiwa umefika pale, uliza na homa ya ini B kama hukuchanjwa utotoni, wengi wa rika langu hatukuipata. Ratiba yake ya kawaida ni sindano tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo hutaimaliza kabla ya safari, lakini kuanza ni kuanza. Taifodi nayo uliza, hasa kama utakula barabarani, na utakula, maana wali wao wa jollofu haupitiki.

Ukishalipa kwa namba ya malipo, dai risiti. Mbele ya nesi soma kila kilichoandikwa kwenye kadi: tarehe, namba ya toleo, muhuri. Na jina liwe lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Yule mwenzangu wa Ubungo kadi yake ilikuwa na jina la mume na pasipoti ina jina la baba, akasimamishwa Accra nusu saa nzima akionyesha picha za harusi kwenye simu. Piga picha kadi ibaki kwenye simu, kadi yenyewe iweke ndani ya pasipoti, usiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Namba ya yule kaka na mtu wake, ifute.